Kamera Haipigi Hodi

Nina ugomvi na watu wa aina mbili, na niseme mapema kwamba nimewahi kuwa wote wawili. Wa kwanza ni yule anayesema, "Kama huna la kuficha, kamera unaiogopea nini?" Wa pili ni fundi wa nyumbani, mpenzi wa kompyuta, anayesema, "Achana na seva za watu, funga ya kwako, tatizo kwisha." Wa kwanza nilikuwa kwa miezi saba. Wa pili nilikuwa kwa wiki tatu hivi, na wiki hizo nilijiona mjanja kweli kweli.

Mtaniuliza haya yanaingiaje kwenye ukurasa wa fasihi. Ngojeni. Hapa kila wiki tunabishana nani anasimulia, amesimama wapi anaposimulia, na ana haki gani ya kuingia chumbani kwa mhusika. Sasa ipo mashine inayosimulia maisha ya mama zetu usiku na mchana, na sisi wenye midomo mirefu kuhusu usimulizi tumekaa kimya. Tena wengi wetu tumeinunua wenyewe, tukaomba na punguzo.

Mama yangu anaishi Tanga mjini, kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu baba. Watoto tuko watano na hakuna hata mmoja aliyebaki Tanga. Usiku mmoja wezi waliruka ukuta wa nyuma, wakachukua pampu ya maji na mitungi miwili ya gesi. Mama hakuguswa, alikuwa amelala. Lakini asubuhi aliposimulia kwenye simu sauti yake ilikuwa ndogo, na sisi tukaingiwa na hofu ambayo hatukuwa nayo tangu baba afariki. Kwenye grupu la familia mchango ukatimia kwa siku mbili. Kwa kawaida mchango wetu wa jambo lolote huchukua mwezi mzima na vijembe juu yake.

Fundi akaja akafunga kamera nne: moja getini, moja ukuta wa nyuma, moja sebuleni, na ya mwisho kwenye korido inayotazama jikoni, "kwa sababu imebaki moja." Naomba mwikumbuke sababu hiyo. Kamera ya jikoni haikuwekwa kwa kuwa kuna mtu aliyekaa akaifikiria. Iliwekwa kwa kuwa boksi lilikuwa na kamera nne. Kisha fundi akatuunganishia programu kwenye simu zetu zote tano. Picha zikawa zinatoka nyumbani kwa mama, zinakwenda kwenye seva za kampuni nje ya nchi, zinarudi viganjani mwetu Dar es Salaam, Dodoma, Arusha, Mwanza na Muscat. Mama peke yake ndiye hakuunganishwa. Ana simu ya kitochi.

Mwanzoni tulikuwa tunaangalia geti. Baada ya mwezi mmoja tukawa tunamwangalia mama. Mbona hajaamka? Mbona huyo mgeni kakaa muda mrefu? Dawa kameza? Siku moja kaka yetu mkubwa alimpigia kumwambia avae ndala, sakafu ina baridi. Mama akauliza, "Umejuaje kama sijavaa?" Kaka akatusimulia kwenye grupu, tukacheka sana. Hatukumjibu mama.

Kisha ikaja ile klipu. Ilikuwa kama mwezi mmoja baada ya Ramadhani. Kitinda mimba wetu aliituma asubuhi: sekunde arobaini, saa kumi usiku. Binti aliyekuwa akimsaidia mama amekaa chini jikoni, mbele yake sahani ya wali wa jana na kikombe cha chai, anakula haraka haraka huku akitazama mlangoni. Chini yake mdogo wetu kaandika, "Sasa tumejua mchele unakwenda wapi." Emoji za kucheka zikafuatana. Moja ilikuwa yangu.

Dada yetu akampigia mama amwambie amchunguze huyo binti. Mama hasikii vizuri, simu yake huiweka spika. Binti alikuwa pale pale sebuleni, anakunja nguo, akasikia yote: saa, sahani, na kwamba tumemwona. Mama akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Yule anafunga. Alikuwa anakula daku."

Alikuwa analipa siku zake za Ramadhani. Sisi watoto watano wa nyumba ya Kiislamu, tulioamshwa daku na mwanamke huyo huyo aliyetuzaa, tumeona mtu anakula saa kumi za usiku na hakuna hata mmoja aliyewaza daku. Tumewaza wizi. Na kutazama kwake mlangoni, ambako kwetu kulikuwa ushahidi mkubwa, mama alikueleza baadaye: binti alikuwa anasikilizia adhana isije ikamkuta na tonge mdomoni.

Baada ya siku mbili akaomba ruhusa aende kwao. Hakurudi. Siku hiyo hiyo simu zetu zikapokea taarifa kwamba kamera ya korido imezibwa. Kaka akampigia mama kwa haraka akidhani ni wezi. Mama akamwambia, "Nimeifunika mimi, kwa kanga. Nilizaa watoto watano, sikuzaa askari watano."

Sasa wewe bwana wa "huna la kuficha," tuzungumze. Binti yule hakuwa na la kuficha kwa maana yako. Hakuiba. Chakula kilikuwa cha nyumba anayolala, na mama alikuwa anajua. Lakini alikuwa na jambo lililo lake yeye na Mola wake. Ili ajisafishe mbele yetu ilibidi aeleze kwamba ana deni la siku za Ramadhani, na mwanamke kijana akisema ana deni hilo kila mtu anajua kwa nini. Yaani ili asiitwe mwizi ilibidi awatangazie wanaume wa nyumba inayomlipa mshahara habari za mwili wake. Akachagua kunyamaza na kuondoka. Kamera yako ilimwonyesha akila. Nia haikuionyesha, kwa sababu nia haina picha, na kufunga ni nia kwanza.

Kosa la hoja yako ni kudhani kwamba kinachofichwa lazima kiwe kibaya. Kiswahili hakijawahi kudhani hivyo. Tunalo neno sitara, na neno hilo ni la sifa. Mtu akifa tunamwombea asitiriwe. Nguo ni sitara, nyumba ni sitara, na jirani mwema ni yule anayesitiri aibu ya jirani yake. Aliyejenga nyumba za mawe za Lamu aliliweka neno hilo kwenye ramani: unafika kwenye daka, unakaa barazani, na njia ya kuingia ndani inapinda ili macho ya mpita njia yaishie ukutani. Mgeni anapiga hodi, anangoja, anasikia karibu, ndipo anavuka. Kazi hiyo ya mawe na chokaa fundi wetu aliitengua kwa bisibisi mchana mmoja. Kamera haipigi hodi. Imeshaingia kabla hujaamka.

Halafu tazama tunavyoiita: kamera ya ulinzi. Kiswahili kina vitenzi vingi vya kazi ya macho, na kila kimoja kina adabu yake. Kuna kuona, ambako hakuna lawama, macho yamepita tu. Kuna kutazama, ambako umekusudia. Kuna kulinda, ambako unayemlinda anajua upo na analala kwa sababu upo. Na kuna kuchungulia, ambako lazima pawe na tundu, na aliye upande wa pili asijue. Sisi tulinunua kulinda. Tulichokifanya kwa miezi saba ni kuchungulia. Pengine wezi hawakurudi kwa sababu ya kamera, sijui, lakini mtu pekee aliyekamatwa na kamera zetu ni mwanamke aliyekuwa anakula daku.

Kwa wasomaji wa ukurasa huu nikumbushe tu Zakaria, baba yake Rosa, katika *Rosa Mistika* ya Kezilahabi iliyotoka 1971. Zakaria alikuwa na hoja hiyo hiyo ya kulinda. Barua moja ya mvulana ilitosha kumpiga binti yake. Alimchunga mpaka Rosa hakujifunza namna ya kusimama mbele ya mwanamume akiwa mtu mzima mwenye akili yake, na alipofika mahali ambapo jicho la baba halifiki, tunajua kilichotokea. Tumekifundisha kitabu hiki darasani miaka yote hii kama onyo kwa mabinti. Mimi nakisoma kama onyo kwa Zakaria. Na sijui tunakisomaje jioni halafu usiku tunafungua programu ya kamera kuangalia kama dada wa kazi amelala.

Kuna na jambo la tatu ambalo bwana wa "huna la kuficha" hapendi kulisikia: wanaotazama si sisi tu. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki kampuni ya Ring, wauzaji wakubwa wa kamera za nyumbani, kwamba iliwaachia wafanyakazi wake kufungua video za wateja. Mfanyakazi mmoja alitazama maelfu ya video za wanawake wasiopungua 81, nyingine za vyumbani na bafuni. Kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Wanawake hao hawakuwa wahalifu. Walikuwa wateja. Walilipa ili walindwe.

Habari hiyo ndiyo iliyonihamisha kutoka kundi la kwanza kwenda la pili. Niliisoma wiki ile binti alipoondoka, na nikajiambia tatizo nimelijua: picha zinakwenda nje. Nikirudisha picha nyumbani, mambo yatakaa sawa. Ilikuwa likizo ya Juni, mimi ni mwalimu, nikapanda basi la Tanga na kompyuta ndogo ya mtumba begini, zile zinazotolewa maofisini, yenye diski ya terabaiti moja.

Nisiwafiche, kazi yenyewe niliifurahia. Juu ya kompyuta niliweka Debian, juu ya Debian nikaweka Docker, na ndani ya Docker nikaweka Frigate, programu huria inayopokea picha za kamera, inazirekodi, na inatambua mtu, gari au mnyama kwa kompyuta hiyo hiyo bila kutuma chochote nje. Kamera zetu zilikuwa na njia ya RTSP, ila imezimwa. Nikaiwasha kwenye mipangilio ya kila moja. Kila kamera hutoa mikondo miwili ya picha, mkubwa na mdogo. Mdogo ndio unaopewa mashine ya kutambua, ili kompyuta isichemke. Mkubwa ndio unaorekodiwa. Nikabadilisha nywila zote za kiwandani, maana mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilizibeba kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu nywila zile ambazo watu hawakuzibadilisha, kikazitumia kuangusha tovuti kubwa kubwa. Kisha nikaingia kwenye ruta nikazikatia kamera zote njia ya kutoka intaneti. Zizungumze na seva, basi.

Mipangilio yote ya Frigate inakaa kwenye faili moja la maandishi, kwa mtindo uitwao YAML. Wapenzi wa ushairi mngeipenda. Maana yake inabebwa na nafasi tupu mwanzoni mwa mstari. Ukizidisha nafasi moja programu haiwaki, inakurudishia lawama. Nilikumbuka mwalimu wangu wa zamani aliyekuwa akikata ubeti mzima kwa mizani moja iliyozidi, ukimwuliza anasema, "Hesabu." Usiku wa kwanza nilihesabu mpaka saa nane.

Nikapiga na hesabu ya diski. Kamera moja ikitoa megabiti 4 kwa sekunde, kwa siku ni gigabaiti 43. Kamera nne ni kama 173. Terabaiti moja inajaa kabla siku sita hazijatimia. Kwa kuangalia nikiwa Dar nikaweka WireGuard, njia ya siri inayoingia nyumbani kwa ufunguo, badala ya kufungua ruta kwa ulimwengu mzima. Na yeyote anayeifunga Frigate ajue hili: mlango wake namba 5000 hauulizi nywila, 8971 ndio unaouliza. Ukikosea ukauacha wa kwanza wazi, umejenga nyumba bila mlango.

Umeme ulipokatika seva ikabaki hai kwa betri ya UPS. Nikamwita mama aone. Nikamwonyesha kioo, picha nne, miraba myekundu inamfuata paka. Nikamwambia, "Mama, sasa hakuna mtu wa nje anayeona. Kila kitu kiko humu ndani." Mama akatazama kidogo, akauliza, "Na wewe?" Nikasema mimi ni mwanao. Akasema haya, akaenda kuswali. Ile kanga ya korido hakuitoa.

Sasa wewe wa pili, fundi mwenzangu, zamu yako.

Kamera ya ukuta wa nyuma ilikuwa inaona zaidi ya ukuta. Upande wa pili ni ua wa jirani, na uani mwao kuna bafu la bati na kamba ya kuanikia. Kila jirani alipopita, seva ilinipa taarifa kuna mtu. Nikafanya kama maelekezo yalivyo: nikachora kifuniko juu ya ua wote wa jirani, nikahifadhi, taarifa zikakoma. Nilijisifu. Nikaandika hata kwenye grupu kwamba mfumo wangu unaheshimu majirani, si kama ule wa kampuni.

Wiki tatu baadaye, nimesharudi Dar, mama akalalamika kuna kitu kinavunja vyungu vya maua usiku. Nikafungua rekodi za nyuma nikaanza kurudisha saa. Ua wa jirani ulikuwa pale pale, wazi, mchana kweupe. Mke wa jirani anatoka bafuni, kanga moja kifuani, nywele wazi, anaanika.

Nikafunga kompyuta. Nilipotulia nikarudi kusoma maelezo ya programu, na yalikuwa yameandikwa waziwazi, mimi ndiye sikuyasoma: kifuniko kile ni cha mjongeo. Kinaiambia mashine isishughulike na kinachotikisika sehemu hiyo. Hakifuti picha. Rekodi inaendelea kama kawaida. Ukitaka sehemu isionekane kabisa, uiweke nyeusi kwenye mipangilio ya kamera yenyewe, kabla picha haijatoka. Yaani kwa wiki tatu nilikuwa nimeifumba macho mashine, ambayo haina haja na mke wa mtu, na nikajiachia yangu wazi.

Nilimwambia mama. Hakugomba. Alisema, "Nenda kaombe radhi." Nikasafiri tena, Jumamosi, nikasimama mlangoni kwa jirani nikapiga hodi mara tatu kama nilivyofundishwa utotoni. Nikamweleza bwana mwenye nyumba na mkewe akiwa nyuma ya pazia. Nikasema nimefuta zote, nimeigeuza kamera, nimetia weusi. Bwana akanyamaza. Aliyezungumza ni mkewe, kutoka nyuma ya pazia: "Na kabla hujaweka hiyo seva yako, zilikuwa zinakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Kamera ilikuwa pale miezi saba.

Kwa hiyo usiniambie tena "funga ya kwako, tatizo kwisha." Seva ya nyumbani inajibu swali moja tu, nalo ni halali: nani mwingine anaona? Swali la kwanza haligusi: kwa nini wewe uone? Tena inaweza kulizidisha. Zamani tulikuwa watano tunaochungulia, na angalau tuligombana. Baada ya seva nikabaki mmoja, mwenye nywila, mwenye rekodi za siku zote kwenye diski moja, na sifa za kuwa nimelinda faragha ya familia. Hakuna mchunguliaji mbaya kama yule aliyepewa shukrani.

Na hapa ndipo ninaporudi kwenye mambo yetu. Tumezoea kusema kamera haisemi uongo. Msomaji wa riwaya angepaswa kuwa wa mwisho kuyasema hayo. Kamera ni msimulizi aliyewekwa na mwenye nyumba, mahali alipopachagua mwenye nyumba, akitazama upande ambao mwenye nyumba hayupo. Adam Shafi alipoandika *Kasri ya Mwinyi Fuad*, iliyotoka 1978, angeweza kuisimulia kasri ile kutoka kitini kwa bwana. Alitupeleka kwa Kijakazi na wenzake, tukaiona nyumba kutoka kwa wanaoifagia, na ndiyo maana kitabu kinauma mpaka leo. Kamera ya korido ya jikoni ni riwaya ile ile ikisimuliwa na Mwinyi Fuad. Kijakazi anaonekana siku nzima na hasikiki hata mara moja. Msimulizi wa riwaya anayeingia jikoni saa kumi usiku anatudai kitu: akituonyesha mtu anakula, anatuambia pia anakula kwa nini, au walau anatuachia shaka. Kamera inatupa sahani na saa, halafu inatuachia sisi tuongeze maelezo. Na sisi, wasomaji hodari, tuliongeza "mwizi."

Nimeshaambiwa nimezidisha. Kuna ndugu aliyeniambia, "Wewe unalia faragha, subiri mama yako akatwe panga." Maneno hayo siyapuuzi. Wezi wapo. Pampu haikutoka yenyewe. Mama ana zaidi ya miaka sabini na usiku yuko na msaidizi mmoja tu. Yeye mwenyewe hakutaka kamera zote zitolewe. Anasema ya geti inamsaidia, anapenda kujua nani anagonga kabla ya kuamka. Kwa hiyo sitawaambia mng'oe kamera zenu. Nawaambia mkae chini na wote wanaoishi mle ndani, pamoja na yule mnayemlipa, muandike lile faili pamoja.

Ndivyo tulivyofanya sisi, tumechelewa. Nilikaa na mama na msaidizi mpya mezani, nikasoma mstari kwa mstari kwa Kiswahili, wao wanasema ndiyo au hapana. Kamera za ndani zote mbili zimetolewa. Matundu ya bisibisi bado yapo ukutani. Ya geti inaona geti na hatua chache za barabara. Ya nyuma inaona ukuta, kwingine kote ni weusi unaotiwa na kamera yenyewe. Sauti imezimwa, kwa sababu msaidizi aliuliza, "Inasikia pia?" nami sikuwa nimewahi kulifikiria swali hilo. Rekodi zinakaa siku tatu kisha zinajifuta. Zamani ningesema diski ni ndogo, leo nasema siku tatu zinatosha kwa mwizi wa pampu, na zaidi ya hapo ni udaku. Taarifa za mtu kuonekana zinakuja kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, basi. Kompyuta ya kutazamia iko chumbani kwa mama. Mimi nina ufunguo wa kuingia kurekebisha mitambo, lakini kutazama rekodi lazima nimpigie kwanza. Getini pana kibao: pana kamera. Karani wa mtaa alicheka alipokiona, akasema utadhani benki. Na acheke.

Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, Kenya wana yao tangu 2019, na ni vizuri zipo. Lakini sheria haitaingia jikoni kwa mama saa kumi usiku kuuliza nani anatazama, na nani alimwambia anayetazamwa. Hilo ni letu. Kiswahili kina neno la kuliuliza, ni hodi, na kanuni yake haijabadilika tangu nyumba za mawe: ukiitikiwa unaingia, usipoitikiwa unarudi.

Binti nilimtafuta. Nilipata namba yake kwa mama, nikampigia nikiwa nimeandika maneno kwenye karatasi, maana nilijua yatanipotea. Niliomba radhi kwa klipu, kwa mdogo wangu, na kwa kicheko changu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hamna neno, kaka." Akauliza hali ya mama. Akasema yuko Korogwe, amepata kazi dukani, siku zake za kulipa alishazimaliza. Hakusema neno moja la kuniumiza. Nilimtangaza kwa watu watano, na yeye akanisitiri.

Klipu yenyewe nimeifuta kwenye simu yangu. Kwenye simu nne nyingine nimeomba, watatu wamesema wamefuta. Iko pia kwenye seva za ile kampuni ya mwanzo, ama haiko. Kule sijui nikapige hodi kwa nani.